Nguo Isiyo na Fundo

"Simama wima, mgeni. Usipumue."

Ilikuwa mara ya tatu Ijumaa ile Bibi Maksun kumpima Sarnai kwa uzi, kutoka shingoni hadi kisiginoni. Alipomaliza aliukunja uzi, akauficha kifuani.

"Unanipimia nini, Bibi?"

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nguo yangu haina mfuko wala fundo, aivaaye haivui."

Sarnai alishindwa. Akampa mji: Ulaanbaatar, kwao, alikotoka kuja kusoma katika mji wa Jeonju kwa mwaka mmoja. Bibi akauendea kwa maneno, akanywa maziwa ya farasi mpaka akashiba, akarudi. Jibu hakulitoa.

"Jumapili utaliona kwa macho yako."

Sarnai alikuwa amepanga chumba kwa Bibi; waliishi wawili tu nyumba ile, na picha ya marehemu mumewe Bibi ukutani.

Jumamosi walikwenda jumba la sanaa. Bibi hakutazama mchoro hata mmoja. Alitazama mabega ya Sarnai. "Membamba," alisema. "Kitambaa kitatosha." Na mezani, walipokula wali wa mboga, alimsukumia yai lake. "Kula, mgeni. Ila usininenepee kabla ya kesho!"

Akacheka peke yake. Usiku ule Sarnai aliegemeza begi mlangoni.

Jumapili, makumbusho. Ndani ya kioo lilitandazwa vazi refu la katani, rangi ya majani makavu.

"Hii ni sanda," mwelekezaji aliwaambia watu. "Haina mfuko, kwa kuwa maiti habebi kitu. Uzi wake haupigwi fundo, roho isije ikanasa. Na katika mwezi wa nyongeza wa kalenda ya mwandamo kama huu, watu huwa..."

Sarnai hakusikia zaidi. Vidole vikavu vya Bibi vilimbana mkono.

"Haya, jibu umelipata?"

Alijichomoa, akatoka mbio. Ndani ya basi alihesabu vituo. Pasi ya kusafiria ilikuwa chini ya godoro. Akiipata tu, basi.

Alifungua chumba chake, akaganda. Kitandani kilikuwa kimetandazwa kitambaa cha katani, kimekatwa kwa kimo chake hasa. Juu yake palibanwa karatasi iliyokunjwa, na upande wa nje liliandikwa jina moja: Sarnai.

Nyuma yake mlango ulisogezwa ukafungwa. Bibi Maksun, aliyemtangulia kwa teksi, alisimama akihema, mkasi mkononi.

"Wakimbia kama mwizi wa kabichi ya kimchi! Miguu yangu hii ya kukimbizana nawe?"

"Bibi, nimekukosea nini?"

"Unanichelewesha. Mwezi unakwisha leo."

Akasogea. Sarnai alirudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia, akafumba macho. Bega likagusa bega lake. Alipofumbua, kioo cha kabati kiliwaonyesha wote wawili wamesimama bega kwa bega, utosi sawa na utosi.

"Umeona? Kimo kimoja," Bibi alinong'ona. "Mtu hawezi kujipima mwenyewe mgongo. Na wenzangu wote mtaani wameshashonewa sanda zao na watoto wao katika mwezi huu wa baraka, wataishi mpaka wachoke. Mimi sina mtoto, na nilikuwa naona haya kukuomba."

Akaweka sindano kiganjani mwa Sarnai, kisha akaikunjua ile karatasi.

"Sarnai," iliandikwa, "amemshonea mama yake, Ko Maksun."