Kidude cha Mfukoni

Mwalimu alikishika kile kidude kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameuficha nyuma ya mgongo, akakitazama kama mtu aliyekuta mende kwenye sukari.

"Na hiki ndicho kidogo kuliko vyote?"

"Ndicho," alijibu Mvuke. "Cha kubeba kila siku. Kinakaa mfuko wa shati."

Mvuke ni jina alilobandikwa na mtaa kwa sababu ya duka lake la sigara za umeme. Na mwanamke huyu aliyesimama mbele yake ndiye aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kukusanya saini ili duka hilo lifungwe. Alidai Mvuke anawauzia watoto wa shule. Ulikuwa uongo mtupu, lakini uongo wa mwalimu una miguu mirefu, na karatasi ya saini ilikuwa inafikishwa kwa wakubwa kesho yake. Duka likifungwa, Mvuke angerudi kulala sebuleni kwa shemeji yake, ambaye alishamsema mpaka majirani wakachoka kusikiliza.

Mtaa mzima ni mtu mmoja tu aliyekataa kutia saini: Fundi Saa wa mlango wa pili, mzee mvutaji wa sigara kali, aliyeidharau bidhaa ya Mvuke na kumpenda Mvuke mwenyewe. Lakini siku hizi hata kibanda cha Fundi Saa kilikuwa kimefungwa. Hakuaga wala hakutuma salamu. Mvuke alijua tu kwamba mzee ameona mambo mazito, akajiweka kando, na jambo hilo lilimuuma kuliko saini zote.

Sasa adui kaja mwenyewe, mchana kweupe, kujitia mteja. Mvuke hakuzaliwa jana.

"Unamnunulia nani?" aliuliza.

"Hayakuhusu. Nijibu ninachokuuliza. Kinawashwaje?"

Ukweli ni kwamba kile kidude hakikuwa hata na kitufe. Ukikitia mdomoni ukavuta, kinawaka chenyewe, ukiacha, kinazima. Kilikuwa chepesi kuliko kiberiti. Kwa mteja mwingine Mvuke angekisifia mpaka koo likauke, tena bila kutia chumvi. Kwa huyu, kila sifa ilikuwa kamba ya kumnyongea mwenye duka. Ukisema ni chepesi, ataandika kwamba mtoto anakimudu.

"Kina ugumu wake," alisema. "Kukiwasha kunataka nguvu na mazoea. Hicho cha mfano hakina chaji, ningekuonyesha."

Mwalimu alikigeuza geuza kwa vidole vya kushoto. Kilimponyoka, kikaanguka juu ya kaunta. Akakiokota kwa mkono uleule.

"Na kukijaza maji yake? Mtu asiye na nguvu vidoleni anaweza kukifungua?"

Huyo hapo, alijiambia Mvuke. Watoto.

"Hathubutu," alisema. Kizibo chenyewe kilikuwa cha mpira, kinachomoka kwa ukucha. "Kimekaza vibaya. Mimi mwenyewe huwa natumia mikono miwili."

"Mkono mmoja je?"

"Mwalimu, nimeshakwambia. Haiwezekani."

Mwalimu akakiweka kidude chini. Mkononi alivaa saa kubwa ya kiume iliyomlegea kama bangili, akautoa mkono wa kulia mgongoni, akaitia ufunguo taratibu huku akifikiri. Uso wake ulikuwa umekunjamana, na Mvuke akafurahi kuuona hivyo. Mtego wake umenasa hewa, aliwaza.

"La mwisho," mwanamke alisema. "Kikimponyoka mtu kitandani, kinaunguza?"

Hakiunguzi. Mvuke alilala nacho zaidi ya mara moja na shuka zake zilikuwa salama. Lakini hasira zilishampanda, na mtu mwenye hasira haulizwi maswali mengi.

"Betri ni betri. Mimi siwezi kumwapia mtu. Umemaliza, au una mtego mwingine?"

"Nimemaliza."

Alifungua mkoba wake, akatoa ile karatasi ndefu yenye saini za mtaa mzima. Mvuke aliitambua kabla haijakunjuliwa. Mwalimu akaichana katikati, akavichana tena vile vipande, akavisukuma upande wa pili wa kaunta.

"Usinitolee macho. Bado sikupendi, wala duka lako silipendi," alisema. "Nilikuja hapa nikijua utanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa ili mradi uuze. Niliapa kabisa. Baba akanibishia. Amepooza upande wote wa kulia, hata maneno yanamtoka kwa shida, lakini alinibishia. Alisema nende kwa Mvuke, si kwingine, yule hamdanganyi mteja."

Mvuke akaitazama tena ile saa.

"Mwalimu," alianza. Vipande vya karatasi vilikuwa tayari mkononi mwake.

"Sitaki shukrani. Kumbe Fundi Saa alikujua kuliko mimi, na nikifika nyumbani nitamwambia." Alifunga mkoba. "Nilitaka tu apate kitu kisicho na moto. Kuacha hataki, nikimfichia sigara anamtuma yeyote anayepita dirishani, na juzi kipande kimemdondoka usingizini, godoro likashika moto. Basi, tutafanyaje."

Akatoka. Mvuke alisimama akiwa amefumbata vile vipande, akamtazama kupitia kioo akivuka barabara, akifika kwenye kibanda cha mkabala, akinunua pakiti ya sigara na kiberiti.