Udongo wa Zizi la Zamani

"Udongo ukiwa mweusi, una kaboni nyingi. Tutapazungushia uzio papumzike bila mifugo," mtaalamu alisema pale malishoni Ngorongoro. "Ukiwa mwekundu, basi ng'ombe wako wamezidi, watahamishwa."

Bibi Resiato akacheka kwa uchungu. "Kitendawili, mwanangu!"

"Tega, koko," alisema kijana, akimwita bibi kwa Kimaasai.

"Nyumba yangu ina milango miwili, yote ya kutokea."

 Mtaalamu alizungusha chuma chake cha kuchotea udongo ardhini, palipokuwa na zizi la wazee wake Resiato. Udongo ukatoka mweusi ti, ukinukia samadi ya kale.

Resiato aling'oa nyasi, akamnyooshea kwa mikono miwili, kama Wamaasai wamwombavyo adui huruma.

"Asante, koko," alisema mtaalamu, akazitia kwenye mfuko wa sampuli, akaandika namba.