Vidole Vitatu

Ilibaki pointi moja tu wachukue kombe. Nasoro, mwenye zamu ya kuanzisha, aliutazama mgongo wa Kitwana aliyeinama karibu na wavu. Kwa miaka kumi na moja ya tenisi ya wawili wawili, Kitwana alikuwa akimpa ishara mbili tu, mkono ukiwa nyuma ya mgongo: ngumi, nabaki hapa; kiganja, nahama.

Leo vilitokeza vidole vitatu.

"Hiyo ishara ya nani?"

Vidole vilikunjwa upesi vikawa ngumi. "Nimekosea, ndugu yangu. Anzisha."

"Siku hizi unafanya mazoezi na nani, Kitwana?"

Kitwana hakugeuka. Mwamuzi akawahimiza. Nasoro akaurusha mpira juu, lakini macho yake hayakuufuata. Yalibaki palepale, kwenye ule mgongo.