Mwezi Ulioandama Jumatano

Mpimaji wa maabara aliinamisha macho. "Dada, mwezi ulianza lini?"

"Jumatano. Wengine wanasema Alhamisi, lakini mtaani kwetu tuliuona," Mwanahawa akajibu, akanyoosha mkono. Dada yake alikuwa amekatwa titi kwa saratani. Yeye, ambaye bado alikuwa akiona siku zake, alitaka kujua kama homoni zake zinamweka hatarini.

Kichupa kikajaa damu. Daktari akaingia. "Kwa hiyo hedhi ilianza Jumatano?"

"Hedhi? Hiyo niliimaliza zamani, nasubiri nyingine! Nimemtajia mwezi wa mbinguni."

Daktari akashusha pumzi. "Homoni hupanda na kushuka, mama. Damu ya leo si ya siku tunayoitaka. Itabidi urudi ukianza tena."

Mwanahawa akamgeukia mpimaji, pamba kaikandamiza mkononi. "Kaka, kunitoboa mshipa hukuona haya, ila kusema hedhi? Na siku mkikuta uvimbe kwenye titi langu, mtaniambia uko wapi?"

Kichupa kilikuwa bado mkononi mwa mpimaji, kingali na joto, na hakujua akiweke wapi.