Mzigo Umeharibika

Neno jekundu lilitokea kwenye simu yake Jumapili mchana, akiwa anapakua chakula: UMEHARIBIKA.

Mfuga samaki aliketi palepale jikoni, mwiko mkononi. Kreti moja la samaki aliowavua jana alfajiri, akawapanga kwa mikono yake, ndilo lililoandikwa hivyo. Na aliyeandika ni mtunza chumba cha barafu kule ghalani. Yaani mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee.

Kulifuta neno hilo hakuwezekani. Kila kreti lina alama yake, na kila anayelipokea huisoma kwa kifaa cha mkononi na kuandika hali ya samaki. Mfugaji ana nakala yake ya maandishi hayo, dereva yake, mtunza ghala yake, mwenye duka yake. Hakuna bosi wa kumpigia magoti. Likiandikwa limeandikwa, na kila mnunuzi ataliona mpaka kiama.

"Kanimaliza," alisema peke yake. Alijiona amebanwa kotekote, hana pa kutokea.

Alimpigia mkwe. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena na tena, ikaita tu. Kiburi hicho! Wawili hawa hawakuwahi kupatana tangu siku ya harusi, bwana harusi alipotania mbele ya wageni kwamba samaki wa mama mkwe wananuka tope. Tena mtu mwenyewe wa kulalamika kutwa. Wiki iliyopita alilalamika kwamba kitasa cha chumba cha barafu kinakwama, leo analalamikia samaki.

Dereva aliyeupeleka mzigo alipiga.

"Mama, umeona? Mzigo ukiandikwa vibaya, mlango wa chumba unajifunga wenyewe, na haujifungui mpaka sote wanne tukubali. Mimi nimeshabonyeza, mwenye duka pia. Umebaki wewe."

"Na huyo mkwe?"

"Yeye ndiye wa kwanza kukubali."

Mwanamke alicheka kicheko cha uchungu. "Umeona? Anautaka ufunguliwe haraka abadilishe samaki wangu. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu."

"Bonyeza tu, Mama, tumwage yaishe."

"Nimwage jina langu? Hebu angalia kipimo cha baridi. Kimetulia tangu jana, hakijapanda hata nukta. Samaki wataozaje ndani ya barafu? Huo mlango ubaki hivyohivyo mpaka mkaguzi aje kesho, ajionee mwenyewe nani mwongo."

Dereva akakiangalia. Kipimo kweli kilikuwa kimetulia.

Baada ya muda simu ikalia tena: UMEHARIBIKA. Kreti jingine. Halafu jingine, na jingine, mfululizo, kama mtu anayegombana. Mwanamke alimwona mkwe wake akilini, miguu juu ya meza ya ofisini, anabonyeza huku anacheka. Machozi yalimtoka kwa hasira. Akaiweka simu kifudifudi, akakaza moyo. Leo hatishiki mtu.

Alasiri maandishi yakaanza kuja mojamoja, kwa kuchelewa. Kreti lile la kwanza likaandikwa mara mbili, utadhani aliyeandika amesahau. Kisha kimya.

"Kachoka," alisema mwanamke. Alipasha chakula chake moto, akala, akashiba.

Jua lilikuwa linazama binti yake alipopiga.

"Mama, niko hapa ghalani, nimemletea mume wangu chakula, simwoni. Ofisi imefungwa. Koti lake la baridi limetundikwa nje ya chumba cha barafu, simu imo mfukoni, imejaa namba yako. Na huu mlango umeandika kwamba unakusubiri wewe."