Herufi Nyembamba za Kijivu

Kwenye blogu yake, mtengeneza tovuti hakuwa na dogo. Leo aliukuta ukurasa wa ushonaji usio na hata jina la mwenyewe, maua yanawakawaka, herufi kubwa kama za bango.

"Uchafu mtupu," aliandika chini ya picha ya ukurasa huo. "Aliyetengeneza hii arudi kwenye sindano zake."

Akaichapisha kwa herufi zake nyembamba za kijivu, kwake ndio ustaarabu huo, akavuta kikombe cha chai.

Hajapiga funda la kwanza, yakaingia maoni ya mama yake.

"Hongera, mwanangu! Nilitaka kukushtukiza na ukurasa wangu, kumbe umeshauona, na umenitangaza! Picha naiona vizuri, ila maandishi yako macho yangu hayayawezi. Ngoja shangazi yako avae miwani anisomee."