Amri Isiyosubiri

Kompyuta kuu ya hospitali ilikuwa ikikwama, na mgonjwa alikwisha kulazwa mezani, madaktari wakingoja kuona majibu ya damu yake. Kidawa, fundi wa kompyuta, alikuwa na amri moja ya kuiwasha upya, lakini maelezo yake yalisema tu: “Huwasha mfumo upya, haraka.”

“Bonyeza basi, bibie, au unangoja posa?” Shomvi, mkuu wake, alimchokoza.

“Inafunga kwanza kazi za watu, au inazikata?” Kidawa akauliza.

Shomvi hakujua. Kidawa akaijaribu kwenye kompyuta ya Shomvi. Skrini ikawa nyeusi. Ripoti aliyokuwa akiiandika Shomvi ikaenda na maji.

“Mwanamke wewe!”

Watu wa maabara walizoea kuhifadhi majibu kwenye kompyuta kuu baada ya chai. Kidawa akawapigia simu, na ilipokuwa ikiita akaongeza kwenye maelezo: “Hukata kazi zote papo hapo.”

“Mmehifadhi?” akauliza ilipopokewa.

Akasikia kikombe kikianguka, kisha viatu vikikimbia.